Vinyweleo vya Harage la Mumosho

Mbuzi wa mama yangu niliwamaliza mimi, na nyama yao sikuionja. Walikwenda mmoja mmoja kulipia masomo yangu, kuanzia shule ya masista mpaka chuo cha pale Bukavu, na kila mwaka niliofaulu zizi lilizidi kuwa kimya. Mwaka niliomaliza licence, shahada yangu ya chuo, mama aliuza jike wa mwisho, akafunga mlango wa zizi kwa kamba ya mgomba, akaja mjini na kitenge kipya kuniona nikipokea diploma. Alipiga vigelegele mpaka mkuu wa chuo akatabasamu. Siku ya furaha kama ile nani anafikiria mavi ya mbuzi?

Shamba lake liko Mumosho, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mto Ruzizi. Udongo wake ni mwekundu, wa kupendeza macho hasa mvua ikitoka kunyesha, na ni mchoyo ajabu. Fosforasi, chakula cha mimea, imo, vitabu vyote vinakubali kwamba imo, ila udongo umeishikilia kama mzee anavyoshikilia funguo za kabati. Mmea unaoitaka lazima uifuate ilipo, kwa sababu yenyewe haitembei. Mbuzi walipokuwepo jambo hili halikumhusu mtu: samadi ilimwagwa, maharage yakaota, tukala. Walipoondoka, maharage yakaanza kutoka mafupi, majani yao yakawa na kijani cheusi cha huzuni, maganda yakawa na mbegu mbili pale palipokuwa na tano. Kwetu hawasemi shamba limechoka. Wanasema limekataa.

Mama alikuwa mjane. Shamba lile lilikuwa mume wake, mshahara wake na pensheni yake, na lilikuwa linakataa. Mimi wakati huo nilishapata kazi ya uasistenti chuoni na nyumba ndogo Nguba, mtaa wa Bukavu wa kando ya ziwa, chumba kimoja na sebule nyuma ya nyumba kubwa iliyokuwa ya Mbelgiji fulani. Nilimwambia ahamie kwangu.

"Baba yako iko hapa," alisema, akionyesha kaburi kwa mpini wa jembe. "Mimi naenda fanya nini ku Nguba? Kuangalia maji?"

"Maman, hapa utakufa njaa."

"Basi nikufe njaa kwangu."

Nilikasirika, kwa sababu nilijua hatabadilika, na hasira yangu ndiyo iliyonifanya niseme neno lililonifunga miaka yote iliyofuata. Nilimwambia: "Basi nitakuletea haragi yenye hii udongo haitaweza kuikataa."

Mama hakucheka. Alilichukua neno langu kama alivyochukua kila neno la mtoto aliyesomeshwa kwa mbuzi, akalihifadhi.

Sikusema ovyo, lakini. Bosi wangu, profesa wa botania, alikuwa mtu mwembamba aliyevaa abacost moja ya kijivu juma zima, ile suti isiyo na tai iliyoamriwa na serikali, na tulimwita Citoyen tu, kama serikali ilivyotaka siku zile tuitane sote. Yeye alikuwa amechoka na majani na maua ambayo kila mtu anayaona. Alitaka kutazama chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Citoyen aliinama mpaka mgongo ukamganda.

Siku ya kwanza alinionyesha hivi. Alilifunga harage kwenye karatasi yenye maji, akaliacha siku chache, kisha akafunua. Mzizi mweupe ulikuwa umechomoza, na nyuma kidogo ya ncha yake palikuwa na kitu kama ukungu. "Ile si ukungu," aliniambia. Tukauweka chini ya hadubini. Vilikuwa vinyweleo, mamia kwa mamia, vyembamba kuliko chochote nilichowahi kukiita chembamba. Kila kimoja ni seli moja tu ya ngozi ya mzizi iliyoamua kurefuka na kuingia udongoni kutafuta. Jirani yake, iliyozaliwa nayo siku moja, hubaki laini maisha yake yote. Kinyweleo kikiwa kirefu, mmea unafika mbali. Kikiwa kifupi, mmea unakula kilichopo mdomoni tu, na kikiisha, umeisha nao.

Nikamuuliza nani anaamua ipi iote na iende umbali gani. Nilidhani atasema udongo.

"Udongo inaomba tu," alisema Citoyen. "Jeni njo inakubali ao inakataa."

Njo ni ndiyo ya kwetu, na neno hilo jeni alilitamka kwa heshima ambayo watu wengine waliiweka kwa ajili ya jina la Rais. Akanieleza kwamba vinyweleo hurithiwa kama pua na kisogo, kwamba kuna maharage yaliyozaliwa na virefu na mengine yamezaliwa na vipara, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kutazama maharage ya Kivu kujua nani ni nani. Niliwaza shamba la mama. Sikulala vizuri juma lile zima, kwa raha.

Tulianza na soko la Kadutu. Nilikwenda kila Jumamosi baada ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, nikipita kwa wamama wanaouza maharage na kununua kiganja kutoka kila gunia: ya njano, ya zambarau, meupe, yenye michirizi, makubwa ya kupanda mti na madogo ya kutambaa chini. Wamama walinicheka wazi. "Huyu hana bwana," walisema, "ndiyo maana anapika haragi ya mutu moja." Nami niliwaacha wacheke, kwa sababu bwana kweli sikuwa naye, na maharage yalikuwa yananingoja chuoni kwenye karatasi zao za maji.

Mengi yalikuwa vipara. Nasema vipara kwa utani, vinyweleo yalikuwa navyo, ila vifupi, kama ndevu za mtu aliyenyoa jana. Na harage la mama, lile jekundu lenye madoa meupe tulilokula utoto wetu wote, lilikuwa kipara kuliko yote. Nilipoliona nilijisikia vibaya kama niliyemchungulia mzazi akivaa nguo.

Kisha nikapata moja. Lilikuwa jeusi, dogo, baya, nililonunua kwa mama mmoja aliyetoka Katana na gunia lake halikuwa na mteja. Mzizi wake ulipotokea chini ya hadubini, nilipiga kelele mpaka Citoyen akaja mbio akidhani nimevunja lenzi. Vinyweleo vilikuwa virefu, vimesimama pande zote, vimelala vingine, vimejaa mpaka mzizi wenyewe hauonekani. Tulipeana mkono. Yule mtu aliyekuwa mkavu alinipa mkono na kuutikisa kwa muda.

Nililipeleka Mumosho haraka kuliko akili ilivyotaka. Mama akalipanda mstari mmoja, na kweli mstari ule ulisimama pale mingine ilipoinama. Lakini alipolipika, kuni za siku mbili ziliisha na harage bado linagonga meno, na mchuzi ukawa kama maji ya kufulia nguo za kazi.

"Hii ni ya kulisha batu ba gerezani," alisema mama, akalisukuma sufuria mbali.

"Lakini mizizi yake, maman! Iko na nywele ndefu."

"Haragi iko na nywele?" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya. Akili ni nywele, kila mutu iko na yake. Weye yako imeotea ku mizizi."

Wanawake wa pale wangepanda jeusi lile kwa amri tu, na amri ikiondoka wangelirudisha sokoni. Ilibidi vinyweleo vya jeusi viingie ndani ya jekundu la mama. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya miaka yangu ya ujana, wakati wenzangu wanaoana na kuachana.

Harage ni kiumbe chenye haya. Linajichavusha lenyewe, ua likiwa bado limefungwa, kwa hiyo anayetaka kuliozesha lazima awahi. Asubuhi mapema nilichukua ua changa la jekundu, nikalifungua kwa kibano, nikang'oa sehemu zote za kiume bila kugusa ile ya kike, kisha nikapaka chavua ya jeusi. Maua mengi yalianguka siku ya pili. Yaliyobaki yalizaa, nikafunga mbegu kwenye karatasi, nikangoja, nikatazama.

Zote vipara. Kila moja. Nilikaa mbele ya hadubini nikalia kabisa, machozi kwenye meza ya serikali.

Citoyen hakunibembeleza. "Jeni haipotee," alisema. "Inajificha tu. Panda hizi, ukuye kuangalia batoto babo."

Nikapanda. Na kwa watoto wao, karibu mmoja katika kila wanne alitoka na vinyweleo virefu vya babu yake wa Katana, kama vile hakuna kilichotokea katikati. Sijawahi kuona jambo lililonifurahisha zaidi ya hilo. Vipara tulivipika na chumvi, maana uasistenti haukushibisha, na wenye vinyweleo nikawarudisha kuoana na jekundu la mama. Vikajificha tena. Nikangoja tena. Vikatokea tena. Hivyo, msimu baada ya msimu, Septemba na Februari, kila mara harage likizidi kuwa la mama kwa rangi, kwa ladha, kwa wepesi wa kuiva, na kila mara likibaki la Katana kwa mizizi. Tulikuwa na kipande cha bustani nyuma ya chuo, na udongo wake niliubeba mwenyewe kutoka Mumosho kwa mifuko, wenye gari wakinishangaa kwamba napeleka udongo mjini.

Nilitaka siku moja mama ayashike kiganjani, lake na langu, asiweze kuyatofautisha. Nilifaulu. Lilikuwa jekundu lilelile, madoa yaleyale meupe, kitovu kilekile cheusi. Hata mimi sikuweza kuyatofautisha bila maji na hadubini. Na kwenye udongo ule uliokataa, la mama lilitoa maganda ya kuhesabika na langu likatoa maganda ya kuvuna. Sijawahi kufaulu hivyo katika kitu kingine chochote.

Hapo ndipo nchi ilipoanza kufungasha. Mishahara ilichelewa, kisha ikaacha kuchelewa kwa sababu haikuja kabisa. Citoyen alipata nafasi ya kufundisha ng'ambo, akaniachia funguo za maabara, na abacost yake akaiacha imetundikwa nyuma ya mlango, maana wakati huo haikulazimishwa tena. Aliniambia nizidishe mbegu, niwape wanawake wa vilima, nisingoje ruhusa ya mtu. Nilikuwa na mbegu za kujaza kopo moja kubwa la maziwa ya unga. Nilitaka msimu mmoja tu wa kuzizidisha kwenye bustani ya chuo, kisha nizipeleke.

Kisha ukaja wakati ule ambao askari, nao hawakulipwa, waliamua kujilipa. Walichukua madirisha, viti, masinki, waya za umeme kutoka ukutani. Hadubini waliichukua pia. Sijui walidhani ni nini, labda aina fulani ya bunduki. Bustani ya nyuma ilikanyagwa na watu waliobeba mabati. Nilipofika nilikuta abacost ya Citoyen haipo na mlango uliokuwa umeibeba haupo. Kopo langu la mbegu lilikuwa nyumbani Nguba, chini ya kitanda, na ndilo pekee lililobaki la kazi yote ile.

Sikuthubutu kulala nalo. Usiku wowote wangeweza kuja Nguba, na mtu mwenye njaa haulizi harage limetokana na nani. Nilikwenda Mumosho, sehemu kwa gari, sehemu kubwa kwa miguu, kopo mgongoni ndani ya kanga kama mtoto.

"Maman," nilimwambia mama, "hizi njo zenyewe. Zile nilikuahidi."

Alizimwaga kwenye ungo, akazitazama, akachukua moja ya kwake kutoka mtungini na kuiweka kati yao. Akazikoroga. Kisha akajaribu kuitafuta, hakuiona. Alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka. Sikuwa nimemwona akinitazama hivyo hata siku ya diploma.

"Uzipande zenyewe, peke yake," nilisema. "Usichanganye."

Aliitika. Nami nikarudi mjini, kwa sababu nilikuwa nimepata kufundisha watoto wa watu hesabu nyumbani kwao, na wanaokula hesabu za watoto wa watu hawachagui siku. Barabara ikawa mbaya, vizuizi vikawa vingi. Sikurudi Mumosho mpaka mavuno.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa kuwa kila mtoto wa kike analijua. Hakuna mwanamke wa vilima vile anayepanda harage la aina moja. Mtungi wa mbegu wa mama ulikuwa na nyekundu, njano, nyeusi, zambarau, za duara na ndefu, zote pamoja. Mvua ikizidi, hizi zitaoza na zile zitasimama. Jua likizidi, zile zitakauka na hizi zitabaki. Mwanamke anayepanda aina moja anacheza kamari na watoto wake. Nilikuwa nimelijua hilo tangu natambaa. Nilimwambia tu asichanganye, na nilidhani inatosha.

Nilimkuta ameandaa. Amesikia nakuja, ameweka mkeka, bugali inatoa moshi, maharage mekundu yenye madoa yanaelea kwenye mawese. Amekonda, lakini uso wake ulikuwa unawaka. Kabla sijakaa alikuwa ameleta kopo langu la maziwa, limejaa mpaka juu.

"Angalia," alisema. "Nilikuchagulia."

Nikauliza zilipandwa wapi. Hapo akaanza kupanga maneno, kama mtu anayejua ameachana na agizo, akiniita maman kama kwetu mama anavyomwita binti yake.

"Nilichanganya, ni kweli. Usikasirike, maman. Haragi yenye iko peke yake, ugonjwa ikikuya inaikamata yote mara moja. Nilifikiri kazi yako yote, miaka yote ile, ikufe siku moja? Nikazificha mu ndugu zao."

Alikuwa amezilinda kwa njia pekee ambayo mtu anajua kulinda mbegu.

"Lakini udongo ilizitambua!" Alinishika mkono. "Pale juu, kijani yote, mpaka batu ba njia banasimama kuangalia. Nikajua hizi njo za mutoto wangu. Mbegu zote za kopo nilizitoa kwa zile za juu. Nyekundu tu, yenye madoa, sawa ulinionyesha."

"Pale juu wapi, maman?"

"Pale kwa zizi. Baba yako mudogo alininyang'anya kipande ya kule chini, nikakosa nafasi ya zile zilibakia chini ya mutungi. Nikabomoa zizi, nikalima."

Nilitazama nje mlangoni. Mahali pa zizi palikuwa wazi, mabua yamebaki manene, yamesimama. Mahali hapo mbuzi walilala na kukojoa miaka yote ya utoto wangu na kabla yake, na udongo wake ulikuwa haujawahi kuguswa na jembe. Pale hata harage lililozaliwa bila mzizi lingeota. Na mama alijua. Mama aliweza kukuambia kwa harufu mbuzi alilala wapi. Alikuwa amewasahau mbuzi makusudi, ndani ya moyo, kwa sababu alitaka kijani kile kiwe cha shule. Alitaka sana. Alikuwa ameuza mbuzi akapata mimi, na alitaka nionekane shambani.

"Na zile za chini?" niliuliza. "Kule udongo mubaya?"

"Za kule zilikauka. Kulikuwa zingine zilijikaza, moja hapa, mbili kule, mu katikati ya zile za kukauka. Zilitoa matunda kidogo. Lakini hazikufika za juu, hata."

Zile ndizo zilizokuwa zangu. Kati ya zilizokauka, zilizojikaza.

"Nazo uliziweka wapi?"

Mama alicheka, akanigusa bega. "Weye unauliza nini? Njo hizi uko nakula."

Nilikuwa nimefika nusu ya sahani. Nilitazama maharage yaliyobaki, mekundu, laini, yamepasuka vizuri, yameiva kwa kuni chache kama nilivyoyataka yaive. Yalikuwa matamu pia. Citoyen alisema jeni haipotei, inajificha tu. Hakuwahi kula chakula cha mama yangu. Mama alikuwa ananingoja nile, mikono juu ya magoti, na harage lililopikwa halioti tena hata ukililia. Nilimaliza sahani. Aliniongezea, nikamaliza na ile.

Hata hivyo sikukata tamaa siku ile. Tamaa ni kitu kigumu kukata ukiwa peke yako. Nilirudi Nguba na kopo, nikasema labda, katika zile za juu, baadhi ni zangu. Zilichanganywa, mkono uliozirusha haukuchagua, kwa nini zisiwepo? Nilizifunga kwenye vitambaa vyenye maji, sahani juu ya meza, juu ya kabati, juu ya kitanda, zote, pasipo kubakiza isipokuwa kiganja kimoja cha mbegu za kupanda ambazo nilihesabu kama za mama. Hadubini sikuwa nayo. Lakini kulikuwa na mtengeneza saa, mzee mmoja mpole aliyekaa kwenye kibaraza karibu na posta, na siku moja nikipita nilimwona ameweka jichoni kipande cha hadubini yangu, kile cha juu ambacho mtu hutazamia. Nilikitambua kwa mkwaruzo. Alikinunua sokoni, hakujua, na sikumlaumu. Nilimweleza ninachokitaka. Alinipa nikitumie mchana wakati wateja hawapo.

Nilikaa kwenye kibaraza cha mtengeneza saa, sahani zangu mapajani, nikageuza kile kipande na kutazama mzizi mmoja baada ya mwingine, watu wakipita na kuuliza kama haragi nazo zinaonyesha saa ngapi. Vinyweleo virefu ningevitambua popote. Nilikuwa nimevitazama kuliko nilivyotazama uso wa mtu yeyote.

Vyote vilikuwa vifupi. Siku ile, na iliyofuata, na zile zilizofuata. Huenda moja au mbili zilikuwemo mwanzoni katika lile kopo na zikaoza kwenye vitambaa vyangu, sijui. Nilichokiona ni vipara, vizuri, vyenye afya, vilivyonenepeshwa na mbuzi wangu.

Mvua za Septemba zilipoanza nilimpelekea mama zile chache nilizozibakiza. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza, amini. Lakini alikuwa amesimama mlangoni na jembe, amejifunga kitambaa kichwani, na uso wake ulikuwa unawaka tena, na niliona kwamba nikinyamaza atautumaini udongo ule msimu mzima na mwingine na mwingine.

"Maman, haziko zenyewe," nilisema. "Niliangalia. Hizi ni zile za kawaida. Zako za zamani."

"Zote?"

"Zote."

"Hata moja?"

"Hata moja, maman."

Alikaa kwenye kizingiti. Alitazama mahali pa zizi, nami nilijua anaona nini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila lawama kwa mtu, "Basi ilikuwa mbuzi."

"Ilikuwa mbuzi."

"Na zile zilijikaza kule chini?"

Nilitazama upande wa jikoni. Aliweka mkono mdomoni. Nilikaa karibu yake na kumshika, na tulilia wote wawili pale mlangoni, yeye kwa ajili yangu, mimi kwa ajili yake, na mvua ikaanza kunyunyiza tena.

Alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alijifuta kwa ncha ya kitenge, akainuka, akachukua jembe. Nilimwambia tuache, maman, hii udongo itazikataa tu, nakwambia najua, nimesoma. Alinitazama kwa mshangao, kama unavyomtazama mtoto aliyesema jambo la kitoto.

"Na sasa tupande nini ingine?" aliuliza.

Sikuwa na kitu kingine. Akatangulia, nikamfuata. Alianza na kipande cha chini, kilichobaki baada ya baba mdogo, mahali penye udongo mbaya kuliko pote, kwa sababu pale ndipo jua linapofika mapema na mtu anataka kupamaliza kabla halijawaka. Yeye alichimba, mimi niliangusha mbegu. Nilipochelewa kwenye shimo la kwanza, mkono umejaa na vidole havitaki kufunguka, aligeuka.

"Angusha tu, maman," alisema. "Njo hizi tuko nazo."

Udongo ulikuwa mwekundu na mzuri, umelowa vizuri. Niliangusha mbili, nikafukia kwa mguu, nikaenda kwenye shimo lililofuata.